Kuihudumia pikapu ya dizeli mwenyewe: mwongozo wa mwenye gari la mzigo Mombasa

Kila anayenunua pikapu yake ya kwanza ya mzigo hapa Mombasa huja na maswali yale yale. Oili nimwage lini? Maji ya kisima yanafaa kwenye rejeta? Taa ya filta ya dizeli imewaka, niendelee kuendesha? Mbona chasisi imeota kutu na gari nimelinunua juzi tu? Haya basi, majibu yote mahali pamoja.

Mwongozo huu ni wa pikapu za dizeli tunazozipita kila siku barabarani: Toyota Hilux, Isuzu D-Max, na Land Cruiser ya mfululizo wa 70. Kama yako ni nyingine, kazi ni ile ile, ila vipimo usome kwenye kitabu cha gari lako.

Kabla ya yote, elewa adui ni nani. Ratiba ya kitabu imeandikwa kwa dunia nzima, nasi tunaishi kisiwani. Chumvi iko hewani, hasa kusi ikivuma. Iko kwenye maji ya visima vingi vya mji huu. Iko kwenye maji ya samaki yanayochuruzika kutoka bodi ya nyuma hadi kwenye chasisi. Ongeza unyevu wa masika, na utaona kwamba karibu kila hatua hapa chini ni namna moja au nyingine ya kuzuia maji na chumvi visifike pasipotakiwa.

VITU VYA KUWA NAVYO

Seti ya spana kuanzia namba 8 hadi 24, soketi na rachi yake. Bisibisi bapa na ya msalaba, koleo, brashi ya waya, tochi. Jeki imara na stendi mbili za jeki zenye uwezo wa kubeba uzito wa gari lako. Pampu ya grisi ya mkono. Beseni pana la kukingia oili, chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, faneli, matambara, glavu, miwani ya kukinga macho. Mita ndogo ya umeme ni ya bei nafuu na itakuokolea pesa nyingi za betri.

Spea: filta ya oili, filta ya dizeli, filta ya hewa, washa mpya (pete ya kuzuia uvujaji) ya bolti ya kumwagia oili, na kulanti (maji maalumu ya rejeta). Filta za feki zimejaa madukani. Mpelekee muuza spea ile kuukuu au namba ya chasisi, kisha ziweke mbili sambamba: kimo, kipenyo, nyuzi za skrubu, unene wa mpira. Filta ya oili ambayo unaiona nyepesi kupita kiasi mkononi, irudishe hapo hapo.

ONYO LA CHINI YA GARI

Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Hata kwa dakika moja, hata kama unachukua spana tu. Jeki ni ya kuinulia, stendi ndiyo ya kushikilia. Matofali ya matumbawe tunayojengea nyumba hayafai kabisa kazi hii, kwa sababu hupasuka bila kutoa ishara. Tafuta sakafu ya saruji iliyo sawa, vuta handbreki, weka gia, zuia tairi kwa vigogo mbele na nyuma. Kwa bahati nzuri pikapu nyingi ziko juu kiasi kwamba oili unaweza kuimwaga bila kuinua chochote.

HATUA YA 1: Kubadilisha oili ya injini

Kwa gari linalobeba mzigo na kukwama kwenye foleni za Changamwe na Likoni, badilisha kila kilomita 5,000. Kitabu kinaweza kusema 10,000; hiyo ni kwa gari linaloishi maisha laini.

1. Washa injini dakika tano ili oili ipate joto ishuke vizuri, kisha zima. Iwe vuguvugu, isiwe ya kuunguza.
2. Fungua kifuniko cha juu cha kutilia oili. Weka beseni chini ya sampu (bakuli la oili lililo chini ya injini).
3. Legeza bolti ya kumwagia kwa spana, halafu imalizie kwa vidole huku ukiisukuma juu, uiondoe kwa mara moja. Mkono usiwe chini ya njia ya oili.
4. Acha itoke mpaka ibaki tone moja moja. Safisha bolti, weka washa mpya, rudisha, kaza bila kutumia nguvu za kupita kiasi. Nyuzi za sampu zikikatika, kazi ya nusu saa inageuka ya siku mbili.
5. Ondoa filta kuukuu. Hapa ndipo wanaoanza hukosea: tazama kwa macho kwamba mpira wa filta kuukuu umetoka nao, haukubaki umeng'ang'ania kwenye injini. Mpira juu ya mpira hautashika, na ukiwasha tu, oili yote itamwagika.
6. Paka oili safi kwenye mpira wa filta mpya, izungushe kwa mkono mpaka iguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Usitumie spana kukazia. Baadhi ya injini zina filta ya karatasi ndani ya kikombe. Hizo zinataka mpira mpya wa kikombe kila mara.
7. Tia oili. Injini nyingi za pikapu hizi huchukua kati ya lita 6 na 8, kwa hiyo usitie galoni yote kwa upofu. Injini za zamani huridhika na 15W-40 ya dizeli. Gari la karibuni lenye chujio la moshi kwenye ekzosi linataka oili maalumu yenye majivu kidogo, soma kitabu.
8. Washa. Taa ya oili izime ndani ya sekunde chache. Zima, subiri dakika tano, pima kwa kijiti, chungulia chini kama panavuja.

Oili chafu irudishe kwenye galoni na uipeleke gereji au kituo cha mafuta kinachoipokea. Usiimwage mtaroni. Mitaro yetu huishia baharini, Tudor au Kilindini, na samaki wa huko tunawala sisi wenyewe.

HATUA YA 2: Kutoa maji kwenye dizeli

Hii ndiyo hatua ninayoitaka uishike kuliko zote. Hewa ya pwani ina unyevu. Tangi likilala nusu tupu, mvuke hupoa usiku na kuwa maji. Ongeza dizeli ya madumu ambayo hujui imekaa wapi. Maji ni mazito kuliko dizeli, hukaa chini, na filta ya dizeli ina nafasi ya kuyakusanya. Yakijaa, taa ya filta huwaka kwenye dashibodi. Ukiipuuza, maji yatafika kwenye pampu ya presha na injekta (vipulizio vya dizeli), na injekta za injini za kisasa ni ghali mno.

1. Zima injini. Tafuta filta ya dizeli. Mara nyingi iko ubavuni mwa chumba cha injini, na juu yake kuna kitufe kikubwa cha mpira au plastiki. Hicho ndicho pampu ya mkono.
2. Weka ile chupa inayoonyesha ndani chini ya filta, au unganisha mpira mwembamba kwenye kijibomba cha chini.
3. Legeza skrubu ya chini ya filta kwa vidole, mzunguko mmoja au mmoja na nusu. Usiitoe yote.
4. Bonyeza pampu ya mkono taratibu. Maji hutoka kwanza, kisha dizeli.
5. Iache chupa itulie dakika moja, uitazame kwenye mwanga. Maji yatajitenga chini na dizeli itaelea juu, mstari ukiwa wazi kabisa. Endelea mpaka kitokacho ni dizeli tupu.
6. Kaza skrubu kwa vidole. Bonyeza pampu tena mpaka iwe ngumu, ndipo uwashe.

Ukibadilisha filta yenyewe, hewa itaingia. Ijaze filta mpya kwa kutumia pampu ya mkono badala ya kumimina dizeli juu yake, maana ukimimina unaweza kuingiza uchafu upande uliokwisha kuchujwa. Bonyeza mpaka iwe ngumu, jaribu stata kwa sekunde chache tu, pumzisha, rudia.

Onyo: mafundi wa zamani hutoa hewa kwa kulegeza nati za mabomba ya injekta huku stata ikizunguka. Kwenye injini za pampu ya kawaida, kama Toyota 3L na 5L, hilo linafanyika. Kwenye injini za kisasa za presha kubwa, kama D-4D za Toyota na wenzake, usiguse mabomba hayo kabisa. Presha yake hupita baa 1,000, na dizeli ikichomoka kwa nguvu hiyo hutoboa ngozi na kuingia mwilini. Huo ni ugonjwa wa kupelekwa hospitali upesi hata kama jeraha linaonekana dogo.

Jaza tangi jioni kabla ya kulaza gari. Tangi lililojaa halina nafasi ya mvuke.

HATUA YA 3: Rejeta

Jibu la swali la kisima: hapana. Maji ya visima vya hapa yana chumvi na chokaa. Hula hedi (kichwa cha injini) ya aluminiamu, huziba mirija ya rejeta, na gari litaanza kuchemka kwenye kilima cha Mazeras au ukipanda Kwale kutoka Kombani na mzigo. Ukipungukiwa njiani, maji ya chupa ya kunywa ni afadhali, kisha ukifika urekebishe. Mchanganyiko sahihi ni kulanti na maji ya betri (maji yaliyotoneshwa, si asidi), nusu kwa nusu, au kulanti iliyokwisha kuchanganywa kiwandani.

"Hapa hakuna baridi, kulanti ya nini?" Kulanti huzuia kutu na hupandisha kiwango cha kuchemka. Ndiyo maana hata sisi tunaihitaji.

Pima kwenye kichupa cha pembeni injini ikiwa baridi. Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi kikiwa moto, hata uwe na tambara nene kiasi gani. Safisha mapezi ya rejeta kwa maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kwenda nje. Vumbi la barabara za matumbawe likishikana na wadudu hukauka na kuwa ukuta.

Na fundi akikwambia mtoe themostati (valvu inayodhibiti joto la injini) "kwa sababu nchi ni ya joto", kataa. Injini itachelewa kufika joto lake la kazi, itakula dizeli zaidi, na shida halisi itabaki pale pale.

HATUA YA 4: Filta ya hewa na mkanda

Fungua boksi, toa filta, ishike mbele ya tochi. Mwanga ukipita, pulizia hewa ya presha ndogo kutoka ndani kwenda nje, urudishe. Mwanga usipopita, nunua mpya. Kama unafanya kazi za machimbo au saruji, itazame kila wiki. Mkanda wa altaneta (jenereta inayochaji betri) ubonyeze katikati: ukibonyea zaidi ya sentimita moja hivi, umelegea. Ukiwa na nyufa, badilisha.

HATUA YA 5: Grisi

Gari la mzigo lisilopakwa grisi huanza kulia, kisha hugonga, kisha propela shafti (mhimili unaopeleka nguvu ya injini kwenye ekseli) hukatika. Kazi hii ni ya dakika ishirini.

1. Tafuta nipo za grisi (vichuchu vya kuingizia grisi): kwenye krosi (viungo vya kupindia) za propela shafti, mbele na nyuma, na kwenye sehemu ya shafti inayoteleza. Land Cruiser na pikapu nyingi za zamani zina nyingine kwenye pingili za springi na kwenye usukani.
2. Futa kila nipo kwa tambara kabla ya kuunganisha pampu. Ukiruka hatua hii, unasukuma mchanga ndani ya beringi.
3. Pampu taratibu kwenye krosi mpaka grisi kuukuu ichungulie kwenye mipira yote minne. Ikitoka yenye rangi ya kahawia kama chai ya maziwa, maji yaliingia. Endelea mpaka itoke safi.
4. Kwenye sehemu ya kuteleza, pampu mara mbili tatu tu. Ukijaza kupita kiasi, shafti haitakuwa na nafasi ya kurudi ndani springi zikibonyea.
5. Nipo isiyopitisha grisi imeziba. Ifungue, weka mpya. Ni vitu vya bei ndogo. Nunua kumi uweke ndani ya gari.

Fanya hivi kila kilomita 5,000 pamoja na oili, na tena mara moja baada ya gari kupita kwenye maji ya kina, yawe ya mafuriko au ya ufukweni.

Ukiwa huko chini, mulika springi moja moja. Mstari mwembamba wa kutu ukikatiza jani kwa upana ni ufa, na jani hilo litavunjika ukiwa na mzigo. Kaza nati za yubolti (bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli).

HATUA YA 6: Breki

Padi za mbele zinaonekana ukitoa tairi. Zikibaki milimita 3, badilisha za magurudumu yote mawili ya ekseli hiyo. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, na hapa unyevu haukosi, kwa hiyo yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hata kama gari halitembei sana. Tumia DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko kinavyosema, kutoka chupa iliyofungwa. Chupa iliyoachwa wazi kibandani imekwisha kunywa maji.

Sasa jambo ambalo wengi hawaambiwi. Hilux nyingi na pikapu nyingine nyingi zina valvu nyuma, imeunganishwa na ekseli kwa mkono wa chuma, inayopima gari limebeba kiasi gani na kupeleka nguvu ya breki nyuma kulingana na mzigo. Ukiongeza majani ya springi, mtindo tunaoupenda sana Kenya, sehemu ya nyuma hupanda na valvu hudhani gari ni tupu hata likiwa na mzigo. Breki za nyuma hupungua na za mbele hubeba kazi yote. Ukishuka kutoka Kwale na mchanga utaijua tofauti. Mwambie fundi aliyeongeza springi airekebishe valvu hiyo; kama hajui unazungumzia nini, tafuta mwingine.

HATUA YA 7: Tairi na betri

Presha ipimwe asubuhi tairi zikiwa baridi, kwa kipimo cha kibandiko cha mlangoni. Kuna cha gari tupu na cha gari lenye mzigo. Nati za tairi kaza kwa msalaba, uzirudie baada ya kilomita 50 hadi 100.

Betri: toa waya wa hasi kwanza, rudisha wa hasi mwisho. Ule unga mweupe au wa kijani kwenye terminali uoshe kwa maji yaliyotiwa magadi, kausha, kaza, paka vaselini. Ikiwa imetulia usiku kucha, betri iliyojaa husoma volti 12.6 hivi. Injini ikiunguruma, kati ya 13.8 na 14.5. Chini ya hapo, tazama altaneta na mkanda wake kabla ya kununua betri.

HATUA YA 8: Kutu

Osha chini ya gari kila wiki kama unabeba samaki au unaegesha karibu na ufukwe. Lakini uliza kwanza: maji ya kuoshea yanatoka wapi? Sehemu nyingi za kuosha magari hutumia maji ya kisima, na hapo unalipa pesa kupakwa chumvi kwenye chasisi. Lazimisha maji yasiyo na chumvi, ya mfereji au ya mvua, angalau ya kumalizia. Maji ya mvua ya masika yaliyokingwa kwenye tangi ni bora kuliko yote.

Zibua matundu ya kutolea maji kwenye bodi ya nyuma, chini ya milango na kwenye chasisi. Matope yaliyokwama humo hubaki na unyevu wiki nzima. Gongagonga chasisi kwa nyundo ndogo. Chuma kizima hulia; kilichooza hutoa sauti butu na magamba.

Kutu ya juujuu: sugua kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, osha, kausha siku nzima juani, paka redioksaidi (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu), kisha rangi ya lami ya chini ya gari. Ukipaka juu ya kutu au unyevu, umeifungia kutu ndani tu. Ukikuta tundu kwenye chasisi, acha rangi. Hiyo ni kazi ya kuchomelea, tena kwa mtu anayejua chasisi.

Desturi ya kupulizia oili chafu chini ya gari siikubali. Inalainisha mipira ya bushi, inarukia breki, na inashika vumbi.

GARI LIKIKUSUMBUA

Stata inazunguka vizuri, haliwaki. Dizeli ipo? Bonyeza pampu ya mkono: ikiwa laini, kuna hewa kwenye njia ya dizeli. Asubuhi tu ndipo husumbua? Pima hita plagi (plagi zinazopasha injini joto kabla ya kuwaka).

Moshi mweusi wakati wa kupanda: filta ya hewa kwanza, kisha bomba la turbo lililopasuka au kuchomoka. Moshi mweupe usiokwisha na kulanti inapungua: gasketi ya hedi, usiendeshe. Moshi wa bluu: injini inakula oili.

Nguvu inapungua ukipanda, tambarare ni sawa: filta ya dizeli, mara nyingi.

Gari linachemka. Egesha, zima kiyoyozi, acha injini ipoe. Tazama mkanda, feni, kichupa. Kama kulanti ipo na feni inazunguka, huenda rejeta imeziba.

"Kong" moja chini unapoachia klachi: krosi ya propela. Mngurumo unaoongezeka na mwendo na kubadilika ukikata kona: beringi ya tairi.

Gari linavuta upande ukishika breki: padi au kalipa imekwama upande mmoja. Ukisimama, sogeza kiganja karibu na rimu bila kuigusa. Yenye joto kuliko mwenzake mara nyingi ndiyo yenye shida.

Taa ya T-BELT kwenye Hilux ya injini ya 1KD au 2KD: si hitilafu, ni ukumbusho wa kilomita 150,000 kwamba mkanda wa taimingi (unaozifungua valvu kwa wakati wake) unatakiwa kubadilishwa. Ukikatika ukiwa njiani, valvu zitagonga pistoni. Injini za 1GD na 2GD zilizofuata hutumia cheni. Kazi ya kubadilisha mkanda huo, pamoja na injekta, turbo na mifuko ya hewa ya usalama, mpe fundi. Kabla hajaanza, mwambie unataka kuziona spea kuukuu zote anazozitoa, na umpe namba ya kilomita uliyoiandika kwenye daftari la gari.